Pambizoni mwa Karatasi za Wengine

Tarehe 24 Agosti 1988, Holaria binti Pastory wa wilaya ya Muleba aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mnunuzi, Gervazi Kaizilege, hakuwa mtu wa ukoo. Bei ilikuwa shilingi 300,000. Holaria alikuwa amezeeka na hana wa kumtunza. Kesho yake, tarehe 25, Bernardo Ephrahim, anayemwita Holaria shangazi, alikuwa ameshafika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kuomba mauzo yale yabatilishwe. Hoja yake ilikuwa kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza shamba la ukoo. Ale mazao yake mpaka afe, basi.

Siku moja tu ilipita kati ya mauzo na kesi, na ndiyo iliyomwingiza Holaria katika historia ya nchi. Lau mtoto yule wa ndugu angekaa kimya, jina la mama huyu lingebaki kwenye karatasi ya daftari la shule, likunjwe, liliwe na mchwa. Tunamfahamu kwa sababu alishtakiwa. Nimekuwa nikilitafakari jambo hili kila ninapokutana na vijana wa kwetu wanaotaka kuandika habari za bibi zao na kurudi mikono mitupu. Mke wa mkulima hana jalada lake mpaka pawe na ugomvi. Asipogombana na mtu, inabidi atafutwe katika karatasi za wengine, na humo mara nyingi yumo pambizoni.

Chukua Lusahunga, wilaya ya Biharamulo. Ni njiapanda. Barabara moja inapanda kwenda Biharamulo mjini na kuendelea hadi Bukoba, nyingine inaelekea Ngara mpaka daraja la Rusumo, na malori ya Kigali na Bujumbura hayakomi usiku wala mchana. Watu wake wametoka pande nyingi: Wasubi wenyeji wa Biharamulo, Wahangaza na Washubi wa Ngara, Waha, Wasukuma, Wahaya. Wanawake wengi wa hapa hawakuzaliwa hapa; waliolewa wakaja. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya maisha ya bibi imeandikwa kwingine, ikiwa imeandikwa, na mtafutaji lazima kwanza ajue alitoka wapi na kwa jina gani.

Hilo la jina ndilo linalowashinda wengi. Mwanamume huzaliwa na jina, akaoa nalo, akalipia kodi kwa jina hilohilo, akazikwa nalo. Mwanamke hubadilishiwa. Nyumbani kwao ni binti fulani. Akibatizwa anapewa jina la mtakatifu au la Biblia. Akiolewa, kwa Kihaya atakuwa muka fulani, yaani mke wa fulani. Akijifungua, jina la mzaliwa wa kwanza linameza yote yaliyotangulia: Mama Paulo, Mama Editha. Mumewe akitangulia, barua za mirathi zitamwita mjane wa marehemu. Nimewahi kuona wajukuu watu wazima, wenye akili zao na elimu yao, wakitazamana bila jibu walipoulizwa bibi aliitwaje kabla hajaolewa.

Kwa familia za Kikristo, kitabu cha kwanza cha kufungua ni cha ubatizo. Wamisionari wa Afrika, ambao watu wa kale waliwaita Mapadri Weupe, walifika Kashozi karibu na Bukoba mwaka 1892, na kazi yao ikaenea katika nchi yote iliyo magharibi ya ziwa. Waanglikana walijenga Katoke, na Murgwanza katika Ngara. Vitabu vya Kikatoliki vya zamani vimeandikwa kwa Kilatini, kwa mstari mmoja mmoja: tarehe, jina, jina la baba, jina la mama, msimamizi wa ubatizo, padri. Msomaji asiogope Kilatini hicho, maana maneno ni yaleyale kutoka ukurasa hadi ukurasa, na kwa saa moja yamezoeleka.

Lakini hazina yenyewe imo pembeni. Sheria ya Kanisa inataka mtu akifunga ndoa, padri aliyeifungisha apeleke taarifa kwenye parokia alikobatizwa mhusika, ikaandikwe kando ya jina lake. Binti akibatizwa Ngara akaolewa Biharamulo, habari ya ndoa inamfuata kinyumenyume mpaka kwenye mstari wake wa utotoni: ameolewa na nani, wapi, tarehe ngapi. Mwandiko huwa mdogo, wino mwingine, mkono mwingine. Kwa mtu anayemtafuta bibi yake, maneno yale machache ya pambizoni yana thamani kuliko kurasa kumi za hotuba za wakuu wa wilaya. Ndiyo kamba pekee inayounganisha kwao na kwa mume.

Tahadhari moja: umri. Waliobatizwa wakubwa walikadiriwa. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilikuwepo tangu miaka ya 1920, lakini uandikishaji wa lazima ulianza kwa Wazungu na Waasia; mtoto wa mkulima wa Kiafrika alizaliwa, akanyonya, akakua bila serikali kuwa na habari naye. Ndiyo maana vitambulisho vya wazee wetu wengi vinaonyesha wamezaliwa 1 Januari au 1 Julai. Hizo si tarehe za kuzaliwa, ni tarehe za karani. Bibi mwenyewe alijua alizaliwa lini, ila kwa hesabu yake: kabla ya nzige, baada ya Wajerumani kuondoka, mwaka ule wa kuhamishwa. Nzige walikula mashamba ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1930, na majeshi ya Wabelgiji yaliwaondoa Wajerumani Biharamulo mwaka 1916. Kwa alama mbili kama hizo, umri unaweza kukaribiwa vizuri kuliko kwa kitambulisho.

Na kuhamishwa kwenyewe kulikuwa zaidi ya mara moja. Biharamulo ni nchi ya mbung'o. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwaondoa watu kwenye mapori yenye malale na kuwakusanya katika makazi maalumu, pori likafyekwa kuwazunguka. Kisha ikaja Operesheni Vijiji: Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Ramani na ripoti zitakuambia kaya zilipelekwa wapi. Hazitakuambia mama aliacha migomba mingapi inayokaribia kuzaa, wala mtoto gani wake amelala chini ya mti upi katika mahame yale. Hilo muulize mtu.

Sasa kodi. Katika masanduku ya bati ya wazee, stakabadhi za kodi ndizo zilizohifadhiwa kwa uangalifu kuliko kitu kingine, kwa kuwa mwanamume aliyekutwa njiani bila stakabadhi alikuwa na shida. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Waingereza wakaiendeleza na kuongeza kodi ya kichwa, na sheria yao ya 1922 ikawagusa wenye wake wengi, kwa maana kila mke alikuwa na nyumba yake na kila nyumba ilidaiwa. Tazama basi namna mke wa mkulima alivyoingia katika hesabu ya dola. Aliingia kama nyumba. Stakabadhi yenye jina la babu na kodi ya nyumba mbili inakuambia, bila kutaja jina la mwanamke hata mmoja, kwamba mwaka ule palikuwa na wake wawili katika boma hilo. Ukizipanga stakabadhi kwa miaka, utaona mke wa pili anaingia, na pengine utaona anatoweka. Amekufa? Ameachika, amerudi kwao? Karatasi haisemi, lakini imekuonyesha mwaka wa kuuliza.

Kodi hiyohiyo iliwatoa wanaume nyumbani. Wahangaza na Washubi wengi walivuka kwenda Buganda kulima kahawa na pamba za watu. Wengine walichukuliwa manamba kwenye mkonge. Babu akiwa Uganda miaka miwili, nani alilima? Historia ya uchumi wa Kagera imejaa wanaume waliosafiri. Mihogo, maharage na ndizi zilizowalisha watoto wao wakati huo hazina stakabadhi. Hata mazao ya kuuza, kahawa au tumbaku au pamba, yalipimwa kwenye chama cha ushirika kwa kadi ya mume, na fedha ikatiwa saini na mume. Hapa huwa nasikia uchungu, nakiri. Jembe lilikuwa la mama, mzani ukamwandika baba.

Kuna karatasi nyingine ambayo watu huipuuza kwa kuwa haina muhuri wa maana: hati ya kuuziana shamba, iliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, na mipaka yake ni mti fulani, kichuguu, njia ya ng'ombe. Chini yake wapo mashahidi, na kati ya mashahidi mara kwa mara yumo mke wa muuzaji. Baada ya Sheria ya Ndoa ya 1971 jina hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu sheria ile inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Kabla ya hapo, mbele ya baadhi ya majaji, mama aliyepika, aliyezaa na aliyelea alihesabiwa kuwa hajachangia kitu.

Nirudi kwa Holaria. Kashasha ilimpa ushindi Bernardo na kumwamuru shangazi arudishe zile 300,000. Mahakama hiyo ilifuata kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, zilizotokana na kazi ya Hans Cory, mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, ambaye pamoja na mwandishi mwenzake, Hartnoll, alikuwa ametoa kitabu cha sheria za Wahaya mwaka 1945. Mila iliyokuwa mdomoni, yenye kupindika kulingana na mtu na shida yake, iligeuzwa kuwa vifungu. Katika Mahakama ya Wilaya ya Muleba hakimu Ngonyani akaupindua uamuzi ule. Bernardo akakata rufaa hadi Mahakama Kuu Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya akatamka kwamba Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 haziwezi kukaa pamoja na kanuni inayomruhusu mwanamume kuuza na kumkataza mwanamke. Mauzo yalikuwa halali. Bernardo alipewa miezi sita: akitaka shamba libaki katika ukoo, alipe shilingi 300,000, la sivyo ni la Kaizilege.

Wanafunzi wa sheria wanaisoma kesi hii hata nje ya Afrika. Mimi naisoma kama karatasi ya familia, maana ndivyo ilivyoanza. Ndani yake mwanamke mkulima ametajwa kwa jina lake na la baba yake, si la mume wala la mtoto, na sababu yake ya kuuza imeandikwa. Ni wangapi wa rika lake katika Muleba, Biharamulo na Ngara wameandikiwa sababu ya jambo lolote walilofanya?

Palipokosekana karatasi, wapo waliotumia njia nyingine. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya ya mkulima na mkewe, na jina la mke likawekwa juu ya jalada sawa na la mume: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ilichapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla mwandishi hajafa. Na Mombasa, Sarah Mirza na Margaret Strobel waliketi na kina mama watatu wakarekodi maisha yao kwa sauti zao wenyewe. Kitabu chao cha Kiingereza kilitoka 1989. Kinasa sauti wakati huo kilikuwa mzigo. Leo kila mjukuu anacho mfukoni.

Karatasi ninayoipenda kuliko zote nimeiacha mwisho. Kati ya 1968 na 1972, mikoa minne ya ziwa, Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi (ndilo jina la Kagera mpaka 1979), ilikuwa uwanja wa mradi wa UNESCO wa kisomo cha watu wazima. Vitabu vya kujifunzia vilifuata kazi ya msomaji: kimoja cha pamba, kingine cha ndizi. Kampeni ikawa ya nchi nzima. Mwanza likazaliwa gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Na mwaka 1975 watu wazima walifanya mtihani. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma walishuka kutoka asilimia 67 kampeni ilipoanza hadi 39 mwaka huo. Madarasa yalijaa kina mama, jioni, baada ya shamba, wengine na mtoto mgongoni.

Cheti cha kisomo, kama kimesalimika, huenda kikawa karatasi ya kwanza ya serikali iliyotolewa kwa jina la bibi mwenyewe, kwa jambo alilofanya yeye. Lakini hata kama kimepotea, kuna njia ya kujua alihudhuria. Zitoe hati za mauziano za familia, uziweke mezani kwa mfuatano wa miaka. Tazama sehemu ya mashahidi. Za miaka ya 1960 zina dole gumba la wino, na karani ameandika kando yake kwamba ni la mke wa muuzaji. Endelea mbele mpaka katikati ya miaka ya 1970, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka utakapoikuta ile ambayo dole halipo tena, na mahali pake kuna herufi kubwa, nzito, zilizoachana, za mkono usiozoea kalamu.