Je, Kijana Anaweza Kuanza Soka Ukubwani na Kufika Ligi Kuu?

Swali hili huulizwa sana mialoni, hasa siku za mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wanaelewa kwa nini. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wa taa haukusanyi dagaa kama usiku wa giza, mitumbwi inapumzika, na jioni uwanja unajaa watu. Pale Bumbire kijana wa miaka 19 anafunga mabao matatu, wenzake wanambeba juu, kisha usiku analala akijiuliza: hivi nikivuka maji nikajaribu bahati Bukoba, nitakuwa nimechelewa?

Kabla ya kumjibu, tumuulize na sisi swali moja. Ukisema "kuanza", una maana gani? Kuna mtu aliyechelewa kugusa mpira, yaani amefika miaka 17 au 18 hajawahi kucheza. Kuna aliyechelewa kupata mwalimu: amecheza tangu utotoni, lakini peku, mchangani, bila kocha. Na kuna wa tatu, ambaye alicheza na kufundishwa, ila hakuna aliyemwona. Watu huwachanganya hawa watatu, na ndiyo maana mmoja atakwambia "haiwezekani" na mwingine "mbona fulani aliweza".

Tuwaangalie hao akina fulani. Jamie Vardy wa Uingereza aliachwa na timu ya vijana ya Sheffield Wednesday akiwa bado mtoto wa shule. Akafanya kazi kiwandani huku akicheza timu ndogo iitwayo Stocksbridge. Leicester City ilimsajili mwaka 2012 akiwa na miaka 25, akaonja Ligi Kuu ya Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2014 akiwa na 27, na mwaka 2016 akawa bingwa wa ligi hiyo. Ian Wright alisajiliwa na Crystal Palace mwaka 1985 akikaribia miaka 22, akitokea kazi za ujenzi, na baadaye akaifungia Arsenal mabao 185. Didier Drogba wa Ivory Coast alipata mkataba wake wa kwanza wa kulipwa akiwa na miaka 21, huko Le Mans nchini Ufaransa. Mwaka 2012 ndiye aliyeipigia Chelsea penalti ya mwisho iliyowapa ubingwa wa Ulaya.

Hadithi hizi ni za kweli na zinatia moyo, lakini zisikilize vizuri. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeanza kucheza mpira akiwa na miaka 20. Wote walicheza tangu wadogo. Walichelewa kuonekana tu.

Hata Mbwana Samatta, ambaye wengi hudhani alifika Ulaya amechelewa, hakuchelewa kuanza. Alizaliwa Desemba 1992, akacheza African Lyon, akaenda Simba, na mwaka 2011 alipohamia TP Mazembe ya Lubumbashi hakuwa ametimiza hata miaka 19. Akakaa kule miaka mitano hivi, akatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015 na tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Genk ya Ubelgiji ikamchukua Januari 2016. Alipoingia Aston Villa Januari 2020 na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, alikuwa na miaka 27. Safari ilikuwa ndefu, lakini ilianza mapema.

Kwa nini mpira wa miguu unadai miaka

Tufanye hesabu ya kawaida ya dukani. Mtoto anayeanza kucheza akiwa na miaka 6, akicheza saa 10 kwa wiki, kwa mwaka wa wiki 50 amecheza saa 500. Akifika miaka 16 ana saa 5,000. Sasa chukua kijana aliyegusa mpira kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 16, naye acheze saa 10 kwa wiki. Akifika miaka 22 ana saa 3,000, na yule mwenzake, kama hakuacha, ana 8,000. Huyu wa pili atakimbia sana, lakini yule wa kwanza hajasimama kumsubiri.

Saa hizo zinanunua nini? Si mbio wala nguvu, kwa sababu hizo hata mvuvi anayevuta nyavu usiku kucha anazo. Zinanunua macho. Mchezaji mzoefu, kabla pasi haijamfikia, ameshajua beki yuko wapi, mwenzake anakimbilia wapi, na mpira utadunda vipi. Hafikirii, anajua. Ni kama mzee wa ziwani anayeangalia wingu upande wa mashariki akasema leo hatutoki, wewe ukiangalia wingu lilelile unaona wingu tu. Kutuliza mpira wa juu ukiwa unakabwa, kupiga kwa mguu usio wako, kujua sekunde ya kuruka: mambo haya mtu mzima anaweza kujifunza, ila yanaingia polepole, na klabu hazina muda wa kusubiri. Timu ikikusajili na miaka 22 inataka ucheze Jumamosi.

Ipo michezo ambayo haiko hivyo. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote waliokuwa wakiingia NBA ya Marekani, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2.20, na urefu haufundishwi. Hata hivyo hakung'ara kule kama ilivyotarajiwa. Mwili ulimfungulia mlango, ndani wakamkuta na wenzake walioshika mpira tangu watoto. Hakeem Olajuwon wa Nigeria naye alianza kikapu akiwa mwanafunzi wa sekondari, akawa mchezaji bora wa NBA mwaka 1994, lakini kabla ya hapo alikuwa kipa wa mpira wa miguu. Miguu yake ilikuwa imeshasoma shule nyingine.

Mbio nazo zinasamehe. Paul Tergat wa Kenya alianza kukimbia kwa dhati baada ya shule, alipoingia jeshini. Akawa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara 5 mfululizo, 1995 hadi 1999, na mwaka 2003 akavunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55. Na kwa watu wa ziwani kuna kisa hiki cha makasia: Helen Glover wa Uingereza alianza kujifunza mashindano ya kupiga makasia mwaka 2008, akiwa mtu mzima, baada ya kujitokeza kwenye zoezi la kutafuta watu warefu wenye nguvu. Mwaka 2012 alishinda dhahabu ya Olimpiki. Miaka minne tu! Ukiwaza ni vijana wangapi wa Bumbire na Goziba wamepiga kasia tangu wana miaka saba, unabaki unatikisa kichwa.

Tusiipuuze chandimu

Sasa turudi kwa yule kijana wa mabao matatu. Mara nyingi vijana wa visiwani husema "sijawahi kucheza mpira" wakimaanisha hawajawahi kuvaa njumu wala kufundishwa na kocha. Lakini ukimwuliza vizuri, alianza kupiga mpira wa soksi na nailoni akiwa na miaka mitano, ufukweni, magoli ya mawe mawili, jua likizama ndiyo filimbi ya mwisho. Huyo hakuanza jana. Ana maelfu ya saa.

Na saa hizo zina thamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 2016 watafiti wa Ujerumani walichapisha uchunguzi wao juu ya wachezaji wa Bundesliga, wakiwemo wa timu ya taifa, wakiwalinganisha na wachezaji wa ridhaa. Waliofika timu ya taifa walikuwa wamecheza mpira wa mtaani zaidi utotoni, walishiriki pia michezo mingine walipokuwa vijana, na walichelewa zaidi kuamua kucheza soka peke yake. Mazoezi rasmi mengi kuliko wenzao yalionekana tu walipofika miaka 22 na kuendelea. Kwa hiyo mzazi anayemzuia mtoto asicheze mchangani kwa kuwa "hapo hakuna kocha" anakosea.

Chandimu ina upungufu wake, bila shaka. Haifundishi kuotea, haifundishi kukaa kwenye nafasi yako watu 22 wakiwa uwanjani, haifundishi kumlinda mtu dakika 90. Mchezaji wa mchangani hupenda kuufuata mpira kila unakokwenda, na kocha wa majaribio humwona hapo hapo. Haya yanaweza kufundishwa kwa misimu miwili au mitatu kwa mtu ambaye mguu wake tayari unaujua mpira. Kwa hiyo kwa kijana wa aina hii, miaka 17 au 18 haijachelewa, 19 iko ukingoni, na kuanzia 21 mlango umebaki upenyo. Huo ni mtazamo wetu, siyo sheria ya mtu yeyote.

Milango iliyo wazi zaidi

Mlango wa kwanza ni golini. Makipa hukomaa wakiwa wamechelewa na hudumu. Dino Zoff alitwaa Kombe la Dunia na Italia mwaka 1982 akiwa na miaka 40, na Essam El-Hadary wa Misri alidaka kwenye Kombe la Dunia la 2018 akiwa na 45. Hapa kwetu Juma Kaseja, ambaye aliwahi kudakia Kagera Sugar, alirudishwa Taifa Stars akiwa na miaka 34, na ndiye alikuwa golini Septemba 2019 Tanzania ilipoitoa Burundi kwa penalti. Kijana mrefu, mwenye mikono mizuri na asiyeogopa, akianza kudaka na miaka 16 bado ana muda wa kujifunza.

Mlango wa pili ni wa wasichana, na huu hatuusemi vya kutosha. Ligi Kuu ya Wanawake nchini ilianza msimu wa 2016/17 tu. Wasichana wengi hawakuruhusiwa kucheza walipokuwa wadogo, kwa hiyo wapinzani wao nao walichelewa, na pengo la saa si kubwa kama kwa wavulana. Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022, wakiwa wameifunga Ufaransa njiani. Aisha Masaka amecheza Sweden na Uingereza, Clara Luvanga yuko Saudi Arabia. Msichana wa Bumbire anayecheza na kaka zake akiwa na miaka 15 hajachelewa hata kidogo. Ila mlango huu utakuwa unafungwa kadiri ligi inavyokua, kwa hiyo asikawizwe na kuni na maji.

Wa tatu ni filimbi. Jonesia Rukyaa wa Kagera ni mwamuzi mwenye beji ya FIFA na amechezesha mchezo wa Simba na Yanga, mchezo ambao wachezaji wengi wa Ligi Kuu hawajawahi kuucheza. Uamuzi unaanzwa ukubwani, unataka pumzi, macho na moyo mgumu.

Kabla hujauza nyavu

Kwa kijana aliye shuleni, njia ni UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, kwa sababu huko ndiko wanakopita watu wenye macho. Aliyemaliza shule atafute timu iliyosajiliwa ligi ya wilaya ya Muleba. Timu ya mwalo ikishinda bonanza ni furaha, lakini haiandikwi popote. Kaitaba hufikiwa kwa ngazi: wilaya, mkoa, kisha madaraja ya taifa.

Usikate umri. Mashindano ya vijana ya FIFA na CAF hupima kifundo cha mkono kwa MRI, na mwaka 2017 Serengeti Boys walikwenda fainali za Afrika Gabon baada ya Congo Brazzaville kuondolewa kwa utata wa umri wa mchezaji mmoja. Timu nzima ilibaki nyumbani kwa sababu ya mtu mmoja.

Na mtu akikupigia simu akisema ana nafasi yako Ulaya au Uarabuni, utume hela ya fomu na viza kwanza, kumbuka mambo mawili. Sheria za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Na wakala wa kweli anatakiwa awe na leseni ya FIFA, tena kipato chake hutoka kwenye mkataba ulioupata. Akitaka uuze injini ya boti ili akupeleke kwenye majaribio, mpigie kwanza katibu wa chama cha soka cha wilaya umwulize kama anamfahamu.

Majaribio ya kweli ukiyapata, nenda na kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, njumu ulizokwisha kuzizoea, na nauli ya kurudi. Fika siku moja kabla, maana ziwa likichafuka boti haiondoki na kocha hatakusubiri.