Binti wa Usiku wa Ijumaa

Mtoto wa kike akizaliwa Mbagala, Dar es Salaam, Alhamisi saa mbili usiku, nesi ataandika Alhamisi. Bibi yake hatakubali. Kwa hesabu za Pwani, siku huisha jua linapozama. Adhana ya magharibi ikishalia, hiyo tayari ni Ijumaa. Basi huyo ni Mwajuma, wala si Mwanahamisi.

Jina hilo lilienea Uzaramoni, nchi ya Wazaramo ilimo Mbagala, pamoja na Uislamu, ambao ulipata nguvu vijijini mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Ijumaa ni siku ya sala ya jamaa, na waumini husimulia kwamba ndiyo siku aliyoumbwa Adamu. Kumwita mtoto Mwajuma kulikuwa kumkabidhi baraka hiyo mapema, kabla hajajua hata kutembea.

Kalenda haikuishia hapo. Aliyezaliwa sikukuu ya Idi aliitwa Mwanaidi. Wa usiku, Chausiku. Kwa mvulana wa Ijumaa, jina ni Juma, jina fupi lisilodai maelezo.

Mjini jina limepata misukosuko. Katika utani wa mtaani yupo Mwajuma Ndala Ndefu, mwanamke wa uswahilini wa kuchekwa, na baadhi ya wazazi vijana sasa huwaita binti zao Nasra au Shamsa. Dhihaka hiyo, kwa kweli, haina adabu: inawacheka bibi zetu wenye jina hilo. Hata hivyo, mjukuu anayerithi jina la bibi bado huitwa Mwajuma, hata kama alizaliwa Jumanne.