Jicho la Angani na Mashtaka ya Jangwa

Ardhi haina kinywa. Ikiumia husemewa na watu, na mara nyingi wanaosema ni wapitao, si wakaao. Ndivyo ilivyokuwa katika Saheli, ukanda wa nyasi na miiba ulio kusini ya jangwa la Sahara, tangu Senegali hata Sudani. Kwa muda wa nusu karne wenyeji wake walishtakiwa kuwa ndio waliolifungulia jangwa mlango: mkulima kwa shoka lake, mfugaji kwa wingi wa mifugo yake.

Mshtaki aliyesikika mbali alikuwa Edward Percy Stebbing, mwalimu wa elimu ya misitu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alizuru Afrika ya Magharibi mwaka 1934, na mwaka uliofuata akaandika kwamba Sahara inakuja. Tume ya misitu ya Waingereza na Wafaransa ilipita huko mwaka 1936 na 1937, wala haikuona jangwa likitembea. Lakini hofu ina mbio kuliko faraja. Ukame uliposhika nchi tangu mwisho wa miaka ya 1960, shtaka lilifufuka. Mwaka 1975 Hugh Lamprey, aliyepata kuwa mkuu wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, aliruka kwa ndege juu ya Sudani, akalinganisha aliyoyaona na ramani ya uoto ya mwaka 1958. Akakadiria kwamba jangwa limeshuka kilomita 90 hadi 100 katika miaka 17. Mwaka 1977 mataifa yalikutana Nairobi kulifanyia jangwa shauri.

Hesabu ile ilikuwa na ila. Mpaka wa jangwa katika ramani ya zamani ulifuata makadirio ya mvua, na safari ya ndege ilikuja baada ya miaka mingi ya ukame. Atazamaye bahari mara mbili, kwanza imejaa na kisha imekupwa, asiporudi mara ya tatu atasema inakauka.

Mara ya tatu ililetwa na setilaiti. Landsat ya kwanza ilirushwa na Marekani Julai 1972, na baadaye setilaiti za hali ya hewa zikawa zikiitazama dunia kila siku. Jani bichi hunywa nuru nyekundu, bali hurudisha kwa wingi nuru iliyo ng'ambo ya nyekundu, ambayo jicho la mtu haliioni. Kwa kulinganisha nuru hizo mbili, wataalamu hupima ubichi wa nchi. Mwaka 1991 Compton Tucker na wenzake walitangaza vipimo vya miaka kumi na mmoja, 1980 hadi 1990. Sahara ilikuwa imetanuka na kunywea kwa kufuata mvua: kati ya 1984 na 1985 peke yake, mpaka wake wa kusini ulirudi nyuma kilomita 110, na jangwa likapungua kilomita za mraba 724,000. Hapana jangwa liendalo mbele tu kama jeshi.

Picha zilionyesha na jambo jingine. Kusini mwa Niger, ambako sheria ya Wafaransa ilikuwa imeufanya mti kuwa mali ya serikali, wakulima walianza katika miaka ya 1980 kuyalinda machipukizi ya visiki mashambani mwao. Picha za zamani zilipowekwa kando ya picha mpya, miti ilionekana kurudi juu ya hekta zipatazo milioni tano. Washtakiwa walikuwa waganga.

Hata hivyo, hukumu ya angani haitoshi. Chombo hupima ubichi. Hakijui kama ubichi huo ni malisho au ni kichaka ambacho ng'ombe hakigusi. Zipo sehemu zilizochakaa kweli, udongo umechukuliwa na upepo na maji, na mvua njema ya mwaka mmoja yaweza kulifunika jeraha hilo kwa majani ya msimu. Hayo humjua mchungaji apitaye kwa miguu. Kwa hiyo picha na ipelekwe kijijini ikasomwe pamoja naye, kabla ya kuandikwa sheria ya kumhamisha. Katika Saheli wengi walihukumiwa pasipo kuulizwa, na ushahidi wa kuwatetea ulichelewa kwa miaka hamsini.