Nani Anastahili Kuitwa Bingwa? Historia ya Ustadi Katika Michezo ya Mtandaoni

Kabla kompyuta hazijaingia majumbani, wabunifu wa michezo ya mezani walikuwa wameshaanza kubishania jambo moja: mhusika wa mchezo aongezewe ustadi kwa sababu gani? Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ulilipa ushindi. Ua zimwi, chukua hazina, kusanya alama za uzoefu, panda ngazi. Aliyepanda alizidi kuwa hodari hata katika mambo ambayo hakuyagusa safari nzima.

RuneQuest, wa mwaka 1978, ulikuja na jibu jingine. Mchezaji aliyefaulu kutumia upanga aliweka alama kwenye karatasi yake, na kisa kilipokwisha akarusha dadu. Ili aongeze ustadi ilimbidi apate namba inayozidi kiwango alichonacho, kwa hiyo bingwa alisonga mbele kwa taabu kuliko mwanagenzi. Kwangu mimi huo ndio uvumbuzi mzuri kuliko yote katika historia hii, kwa sababu ndivyo fundi yeyote anavyokua.

Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika MUD, na Richard Bartle akauendeleza. Ndio babu wa michezo ya watu wengi mtandaoni, nao ulifuata njia ya alama: aliyefika kileleni aliitwa mchawi, akapewa mamlaka juu ya wenzake.

Njia ya RuneQuest ilipata jaribio lake kubwa mtandaoni Septemba 1997, Ultima Online ulipofunguliwa. Hapakuwa na ngazi. Ukifua chuma unakuwa mhunzi. Ukivua samaki unakuwa mvuvi. Kila stadi iliishia 100, na jumla ya zote haikuruhusiwa kupita 700, hivyo hakuna aliyeweza kuwa bingwa wa kila kitu. Ukomo huo ulizaa jamii: askari alimhitaji mhunzi, mhunzi naye akahitaji madini. Watu waliishi humo kama washonaji na wapishi, wakajulikana mjini kwa kazi zao.

Lakini tatizo lilijitokeza upesi. Mezani palikuwa na mwamuzi, mtu mwenye macho, aliyejua kama upanga umetumika kwa haja au kwa mchezo tu. Seva haikuwa na macho hayo, ilihesabu vitendo. Wachezaji wakaandika programu ndogo za kurudia kitendo kilekile usiku kucha, wenyewe wamelala. Kitendo kikabaki, kujifunza kukatoweka.

EVE Online, uliotengenezwa Iceland na kutolewa Mei 2003, uliukata mzizi wa tatizo hilo kwa kulipa muda. Unachagua stadi, saa inatembea, nawe unaendelea kujifunza hata kompyuta ikiwa imezimwa. Hakuna cha kurudiarudia, kwa hiyo hakuna cha kudanganya. Aliyejiunga baadaye hakuweza kumfikia mkongwe kwa jumla ya alama, ila kila stadi ilikuwa na ngazi tano tu, na mgeni aliweza kulingana naye katika fani moja. Ulikuwa mpango wa haki, na nasikitika kwamba mwaka 2016 mlango ulifunguliwa wa kununua alama hizo kutoka kwa wachezaji wengine.

Star Wars Galaxies uliumiza zaidi. Ulianza mwaka 2003 ukiwa na fani nyingi ambazo mchezaji alizichanganya apendavyo. Novemba 2005 wenye mchezo walizifuta, wakaweka tisa zilizopangwa tayari. Mtu aliyejenga ustadi wake kwa miaka miwili aliamka akiwa kitu kingine. Wengi waliondoka, na seva zilizimwa Desemba 2011.

Kampuni ya Jagex ya Cambridge ilichagua kuwauliza wachezaji. RuneScape, uliozaliwa mwaka 2001, unadai alama 13,034,431 kufika ngazi ya 99 katika stadi moja, na ukiwa ngazi ya 92 ndiyo kwanza umefika nusu ya njia. Toleo lake la zamani liliporudishwa mwaka 2013, wachezaji walipewa kura juu ya mambo mapya. Mwaka 2019 pendekezo la stadi mpya ya Warding halikufikisha asilimia 75 iliyohitajika, likatupwa. Mwaka 2023 walikubali ubaharia, na ulipoingia Novemba 2025, wakongwe na wageni waliuanza pamoja kutoka ngazi ya 1.