Garratt daraja la 59 (utambuzi wa modeli)

Injini ya mvuke ya daraja la 59, aina ya Garratt, iliundwa na Beyer, Peacock wa Manchester kwa ajili ya Reli za Afrika Mashariki kuanzia 1955. Modeli yake ndogo hutambuliwa kwanza kwa magurudumu: 28, kwa mpangilio wa 4-8-2+2-8-4. Boila hukaa katikati, tangi kuu la maji mbele, la mafuta nyuma. Modeli iliyorundikiwa makaa ya mawe ni ya kutiliwa shaka. Dohani ichunguzwe kwa makini. Ya mviringo ni ya miaka ya mwanzo. Bapa na ndefu ni ya aina iitwayo Giesl, iliyofungwa baadaye.

Katika kipimo cha 1:87, reli ya upana wa mita moja, iliyotumiwa na injini hii, huwa milimita 12. Ndani ya modeli huwa kuna mota ya volti 12. Bodi yenye chipu kati ya mota na nyaya zitokazo magurudumuni ni dalili ya mfumo wa kidijitali.

Kwa wakazi wa Muthurwa na Makongeni, mitaa iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, kielelezo bora ni injini yenyewe, 5918 Mount Gelai, katika Makumbusho ya Reli Nairobi.