Saa ya Mchimbaji: Kisa cha Verge, 2018

Leo historia kidogo. Tunaambiwa sarafu za kidijitali hazihitaji kumwamini mtu. Mh, si kweli sana. Kila bloku hubeba saa aliyoiandika mchimbaji mwenyewe, na kwa saa hizo mtandao hupima kasi. Bloku zikionekana zinachelewa, ugumu wa kuchimba unapunguzwa.

Bitcoin hubadilisha ugumu baada ya bloku 2016, kwa hiyo uongo mdogo haufiki mbali. Verge wao walirekebisha kila bloku, tena walikuwa na njia 5 za kuchimba, kila moja na ugumu wake. Aprili 2018 mtu akaandika saa za uongo kwenye njia ya Scrypt. Mtandao ukadhani kuna uchelewaji, ugumu ukaporomoka, jamaa akazoa sarafu huku wachimbaji waaminifu wakiachwa solemba. Viraka vikawekwa. Mei shambulio likarudi, safari hii kwa njia 2!

Sisi walimu watarajiwa hili tunalijua jamani: wanafunzi wakijiandikia wenyewe saa ya kufika, daftari halitaonyesha mchelewaji hata mmoja. Mnasemaje wadau?