Kifua na Sauti Zake: Tafsiri katika Historia ya Uchunguzi wa Mapafu

Msemaji wa Kiswahili anayemwambia tabibu "nina kifua" hamwarifu kwamba anacho kiungo hicho, kwani hilo tabibu analiona. Anamwarifu kwamba kiungo hicho kimepata maradhi. Lakini yule ambaye watu husema "hana kifua" si mgonjwa hata kidogo. Huyo ni mtu asiyeweza kutunza siri. Neno moja hubeba mwili, ugonjwa na tabia, na msikilizaji hutegemea muktadha kujua ni kipi kinachokusudiwa. Maneno mengine ya uwanja huu yana mpangilio ulio wazi zaidi. Pumua, pumzi, pumzika na pumu ni maneno ya ukoo mmoja, na ukoo huo unataja pumzi yenyewe. Kichomi kimetokana na choma, nacho kinataja maumivu kama yanavyosikika na mwenye kuumwa. Yavuyavu, neno la zamani la pafu ambalo leo ni nadra kusikika, kwa umbo lake la kurudufishwa linaelekea kutaja wepesi wa kiungo hicho mkononi mwa mchinjaji.

Majina hayo yote yamebuniwa kutoka upande wa mgonjwa au wa mtazamaji wa kawaida. Uchunguzi wa kitabibu ulileta majina ya aina nyingine, yaani majina ya kile anachokisikia mtu mwingine anapoweka sikio lake juu ya kifua kisicho chake. Majina haya yalibuniwa katika lugha chache za Ulaya, yakatafsiriwa kutoka moja kwenda nyingine, na mara kwa mara kilichotafsiriwa kilikuwa maana huku sauti ikiachwa nyuma. Katika fani ambayo kitu kinachotajwa ni sauti, hasara hiyo si ndogo.

Kuweka sikio kifuani ni jambo la kale. Maandishi ya Kiyunani yanayohusishwa na Hippocrates yanaeleza mlio kama wa ukanda wa ngozi unaosuguana, na mwingine kama siki inayochemka. Ni tashbihi zilizotoka jikoni na kwa fundi wa ngozi. Hata hivyo ilipita miaka zaidi ya elfu mbili kabla ya mtu kufikiri kukitendea kifua kama ngoma. Leopold Auenbrugger, aliyezaliwa Graz mwaka 1722, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, alikuwa tabibu katika Hospitali ya Wahispania mjini Vienna. Inasimuliwa kwamba alijifunza mbinu yake kwa kuona jinsi mapipa ya mvinyo yalivyogongwa ili kujua kimiminika kimefika wapi. Mwuza mafenesi wa Tanga au Unguja asingelishangazwa na hekima hiyo, kwani naye hugonga kabla ya kukata. Katika kijitabu chake cha Kilatini cha mwaka 1761, Auenbrugger alieleza kwamba kifua kizima hulia kama ngoma iliyofunikwa kitambaa kizito, na kwamba mahali palipojaa maji au pafu lililoganda sauti hufifia mithili ya nyama ya paja inayogongwa. Wenzake hawakumjali sana. Mbinu yake ilipata uhai tafsiri ya Kifaransa ya Corvisart ilipotoka mwaka 1808, na mwaka uliofuata Auenbrugger akafariki dunia.

Corvisart alikuwa mwalimu wa René Laennec, na kwa Laennec habari inakuwa ya mwanaisimu kama ilivyo ya tabibu. Mwaka 1816, katika Hospitali ya Necker mjini Paris, alikabiliwa na mgonjwa mwanamke kijana mwenye dalili za maradhi ya moyo. Unene wa mgonjwa ulifanya kugonga kusiwe na faida, na umri wake na jinsia yake vilifanya kulaza sikio kifuani kuwe kinyume cha adabu. Laennec akaviringisha karatasi, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni, akasikia vizuri kuliko alivyowahi kusikia. Stetoskopu ilizaliwa kwa haya, na hilo ni jambo la kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba heshima ni kikwazo cha sayansi. Baadaye Laennec, ambaye alikuwa mpiga filimbi, alichonga mwanzi wa mbao, na mwaka 1819 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya usikilizaji wa kifua.

Alikuwa mtu wa Bretagne, na aliijua thamani ya lugha kitandani pa mgonjwa. Mwaka 1814 alisaidia askari wa Kibretoni walioumwa wakusanywe pamoja hospitalini ili wahudumiwe kwa lugha yao. Kitabu chake nacho kina masikio ya mtu wa namna hiyo. Milio ya kifua aliieleza kwa tashbihi, kama vile chumvi inayopashwa moto kwenye chombo, mlio wa njiwa, uzi mnene wa ala ya muziki unaosuguliwa kwa kidole, na sauti za ndege wadogo. Kwa milio yote hiyo isiyo ya kawaida alitumia jina moja la jumla, neno la Kifaransa râle. Tatizo ni kwamba kwa Mfaransa wa kawaida neno hilo lilikuwa mkoromo wa mtu aliye katika sakarati ya mauti. Mgonjwa aliyelisikia likitamkwa juu ya kitanda chake angeliamini kwamba saa yake imefika. Kwa hiyo mbele ya wagonjwa Laennec alitumia neno la Kilatini, rhonchus, lenye maana ileile.

Visawe kamili havidumu katika lugha. Vikikaa pamoja muda mrefu, ama kimoja hufa, ama vinagawana maana. John Forbes alitoa tafsiri ya Kiingereza ya kitabu hicho mwaka 1821, na katika mapito hayo na yale yaliyofuata maneno mawili ya Laennec yakaanza kuachana. Moja likaelekea kwenye milio inayokatikakatika, jingine kwenye milio mirefu ya kukoroma, na kila shule ya tiba ikaongeza vivumishi vyake vya ukavu, unyevu, ukubwa na udogo. Josef Škoda, akiandika Vienna mwaka 1839, alijaribu kurudisha mambo kwenye fizikia ya sauti, lakini mkanganyiko wa majina uliendelea. Matabibu wawili waliosikia kitu kimoja waliweza kuandika maneno tofauti, na wawili waliosikia vitu tofauti wakaandika neno moja.

Mwaka 1957 Robertson na Coope walirudi kwenye matini ya Laennec, wakaonyesha jinsi maana zilivyopotoka, wakapendekeza maneno mawili tu ya kawaida ya Kiingereza, moja kwa milio mifupi ya kukatika na jingine kwa milio mirefu yenye toni. Paul Forgacs mwaka 1967 aliupa mgawanyo huo sababu ya kimaumbile. Milio mifupi hutokea njia ndogo za hewa zilizojifunga zinapofunguka ghafla, na milio mirefu hutokana na mtikisiko wa kuta za njia iliyobanwa. Mwaka 2016 jopo la Jumuiya ya Upumuaji ya Ulaya lilitumia rekodi za sauti na picha ili majina yafungwe kwenye milio yenyewe badala ya kufungwa kwenye fasili.

Je, Kiswahili kina nini cha kuchangia hapa? Kina zaidi ya kinachotumiwa. Kitenzi tatarika hutaja mlio wa kitu kikaangwacho au kuni zinazoungua, nao ndio ule ule mlio wa chumvi ya Laennec. Kwa kufuata umbo la mkoromo na mvumo, hupatikana mtatariko, neno ambalo mwanafunzi huelewa kabla ya kufafanuliwa. Kwa mlio mwembamba wa pumu, watu wameshasema kwa muda mrefu kwamba kifua "kinapiga filimbi". Kukoroma kuna kasoro ileile iliyomsumbua Laennec, kwani anayekata roho naye hukoroma, na mtunga istilahi hana budi kukumbuka kwamba mgonjwa anasikiliza. Kukopa râle na kulivika irabu mwishoni kungekuwa kuagiza ugomvi wa miaka mia na hamsini ambao wenyewe wameshaanza kuuacha.

Hasara ya tafsiri huonekana wazi zaidi pale mgonjwa mwenyewe anapotakiwa kusema. Tabibu huweka viganja mgongoni na kumwomba atamke neno, ili apime mtikisiko wa sauti. Mtikisiko huzidi pafu likiganda kwa nimonia na hupungua maji yakikaa kati ya pafu na ubavu. Wajerumani walichagua neunundneunzig, tisini na tisa, neno lililojaa nazali na irabu nzito. Waingereza walitafsiri nambari, wakapata neno lenye irabu nyingine. Wafaransa wana thelathini na tatu yao. Tabibu wa Kiswahili akifuata nambari na kusema "tisini na tisa" atapata neno baya kwa kazi hiyo, kwani /t/ na /s/ ni sighuna, na nyuzi za sauti zinapumzika kila zinapotamkwa. "Arobaini na nne" haina hata sauti moja isiyo ghuna. Matabibu wa Ethiopia hutumia nambari hiyohiyo, arba arat, na sehemu ya kwanza ya jina hilo ni ya shina moja la Kisemiti na arobaini ya Kiswahili iliyotoka Kiarabu.

Mfano mwingine ni wa hatari zaidi. Mwaka 1922 G. S. Shibley, akiwa China, alieleza kwamba irabu moja ikitamkwa na mgonjwa mwenye pafu lililoganda husikika kwenye stetoskopu kama irabu nyingine, kwa kuwa pafu lililoganda hupitisha masafa ya juu ambayo pafu zima huyachuja. Vitabu vya Kiingereza huita dalili hiyo mgeuko wa E kuwa A. Lakini herufi ya Kiingereza E husomwa [i], na A husomwa karibu na [ei]. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anayezihamisha herufi hizo jinsi zilivyo atamwambia mgonjwa aseme "eee", na atakuwa anapima irabu isiyohusika. Kwa Kiswahili dalili hiyo ni i kusikika kama e.

Tiba ya watoto ilichukua njia nyingine kabisa. Tafiti za Frank Shann na wenzake huko Papua New Guinea, zilizochapishwa mwaka 1984, zilionyesha kwamba mhudumu asiye na stetoskopu anaweza kuchagua watoto wanaohitaji dawa kwa kuhesabu pumzi na kutazama kifua. Shirika la Afya Duniani liliweka mipaka kwa dakika moja: pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Utaratibu wa matibabu unganifu ya watoto ulipoanza miaka ya 1990, Tanzania na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuutumia.

Hapo sikio liliondolewa, lugha ikabaki. Kifua kubonyea hufasiliwa kuwa sehemu ya chini ya ukuta wa kifua kuingia ndani mtoto anapovuta pumzi, na ni lazima iwe anapovuta, kwani ukuta huo hushuka kwa kawaida anapotoa. Kiswahili hutofautisha kuvuta na kutoa pumzi bila taabu, lakini kupumua peke yake hakutofautishi, na maelezo yanayosema "kifua kinabonyea anapopumua" yameacha nje nusu ya fasili. Tangu mwaka 2014 mwongozo wa Shirika hilo umemhesabu mtoto mwenye dalili hii peke yake kuwa na nimonia ya kutibiwa nyumbani kwa amoksilini, ilhali awali alihesabiwa kuwa na nimonia kali na kupelekwa hospitali. Mama naye huulizwa kwanza kama mtoto anakohoa au anapumua kwa shida. Akijibu tu kwamba "ana kifua", mhudumu atapaswa kuuliza tena, safari hii kwa vitenzi: anahema, anatweta, anakoroma, au anapiga filimbi.